Kifua Kikuu na Safari ya Kukitokomeza Tanzania: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo ni yale ambayo wagonjwa, ndugu zao na wahudumu wa afya ngazi ya jamii huyarudia katika kliniki za kifua kikuu (TB), kwenye mikutano ya vijiji na katika foleni za zahanati. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kumpeleka msomaji kwenye jingine bila kurudia maelezo. Majibu yanahusu Tanzania, na pale ambapo jambo limetokea kwingine, nchi hiyo imetajwa. Hayachukui nafasi ya mganga aliyekuona ana kwa ana.

## Ugonjwa wenyewe

1. Kifua kikuu ni nini?

Ni ugonjwa wa kuambukiza unaosababishwa na bakteria aitwaye Mycobacterium tuberculosis, ambaye Robert Koch alimtangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Ndiyo sababu Siku ya Kifua Kikuu Duniani huadhimishwa tarehe hiyo. Mara nyingi ugonjwa hushambulia mapafu, ingawa unaweza kushika karibu kila kiungo cha mwili (tazama swali la 22).

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu na watu milioni 1.25 walikufa kwa ugonjwa huo. Dawa za kuuponya zimekuwapo kwa zaidi ya nusu karne, na hilo ndilo linalofanya vifo hivyo viume zaidi. Wengi wa wanaokufa ni wale waliochelewa kugunduliwa, au ambao hawakugunduliwa kabisa, na sehemu kubwa ya majibu yaliyo hapa chini inahusu namna ya kuwafikia mapema.

2. Babu alikufa kwa TB, baba akaugua, na sasa ni mimi. Je, huu ni ugonjwa wa ukoo?

Hapana, na wala si wa kurogwa. Kilichopita kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu ni hewa ya chumba kimoja. Familia inayolala pamoja katika nyumba yenye madirisha madogo huvuta hewa ileile usiku kucha, na mmoja akiugua bila kutibiwa, wengine hufuata mmoja baada ya mwingine, wakati mwingine kwa kupishana miaka, hadi ionekane kama laana.

3. Unaambukizwaje? Nitenge sahani na kikombe cha mgonjwa?

Mgonjwa wa kifua kikuu cha mapafu anapokohoa, kupiga chafya, kuimba au hata kuzungumza, hutoa chembechembe ndogo mno zenye bakteria, nazo hubaki zikielea hewani kwa muda mrefu, hasa mahali penye giza na pasipopitisha hewa. Anayezivuta ndiye anayeambukizwa. Sahani, vikombe, nguo, choo, kupeana mikono na kukumbatiana haviambukizi. Kumtengea mgonjwa kikombe hakumlindi mtu yeyote, ila humuumiza mgonjwa, na mgonjwa aliyeumizwa hivyo huanza kuficha ugonjwa wake.

Kinachosaidia ni kufungua madirisha, kuruhusu jua liingie, kufunika mdomo kwa kitambaa au kwa kiwiko wakati wa kukohoa, na zaidi ya yote kuanza dawa mapema. Mgonjwa asiye na usugu, yaani ambaye bakteria wake bado wanakufa kwa dawa za kawaida, anapoanza kumeza dawa sahihi, uwezo wake wa kuambukiza hushuka sana ndani ya wiki chache za mwanzo.

4. Nimeambiwa nimeambukizwa lakini siumwi. Inawezekanaje?

Inawezekana, na ndivyo ilivyo kwa watu wengi. Inakadiriwa kuwa karibu robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa bakteria hawa, lakini ni kati ya asilimia 5 na 10 tu ya walioambukizwa ambao wataugua katika maisha yao. Kwa wengine wote, kinga ya mwili huwazingira bakteria na kuwalaza, na mtu wa namna hiyo hamwambukizi yeyote.

Kinga inapodhoofika, waliolala huamka. Wanaoongoza kwa hatari ni wanaoishi na virusi vya UKIMWI (VVU), watoto wa chini ya miaka mitano, wenye utapiamlo, wenye kisukari, wanaovuta sigara, wanaokunywa pombe kupita kiasi, na wanaofanya kazi katika vumbi la mawe (tazama swali la 19). Baadhi yao hupewa dawa za kuzuia ugonjwa kabla haujaanza (swali la 15).

5. Nikohoe kwa muda gani ndipo niende kupima?

Wiki mbili. Kama unaishi na VVU, usisubiri hata hizo: kikohozi chochote, hata cha jana, kinatosha. Dalili nyingine ni homa za jioni zisizokoma, kutokwa na jasho jingi usiku hadi kubadilisha shuka, kupungua uzito bila sababu, kukosa hamu ya kula, na makohozi yenye damu.

Wengi hupitia njia ndefu kabla ya kufika. Huanza na dawa ya kikohozi ya dukani, kisha tangawizi na asali, kisha vidonge vya kuua bakteria walivyopewa bila kupimwa, kisha mganga wa kienyeji, na miezi mitatu inakwisha huku watoto wakilala chumba kimoja nao. Mwenye duka la dawa anayemwambia mteja wa namna hii aende zahanati kupima makohozi anafanya kazi kubwa ya afya ya jamii, na nafurahi kuona kuwa wengi wao sasa wanafundishwa kufanya hivyo.

## Kupima

6. Makohozi yanatolewaje? Mara ya kwanza waliyakataa.

Yaelekea ulitoa mate. Hili ndilo kosa linalojirudia zaidi na linarekebishika kwa dakika tano za maelezo. Sukutua mdomo kwa maji safi. Simama nje, mahali penye upepo, mbali na watu. Vituo vingi vina kibanda au kivuli cha mti kilichotengwa kwa kazi hii. Vuta hewa kwa nguvu hadi kifua kijae, ishikilie kidogo, itoe. Rudia mara ya pili. Mara ya tatu ukohoe kutoka chini kabisa ya kifua na uteme ndani ya kikopo bila kugusa ukingo wake. Makohozi mazuri ni mazito, yanavutika, na yana rangi nyeupe, ya njano au ya kijani. Mate ni maji yenye mapovu. Makohozi ya asubuhi, kabla ya kunywa chochote, huwa bora kwa kuwa yamekusanyika usiku kucha.

Mhudumu anayempa mgonjwa kikopo na kumwambia tu "nenda ukateme" hajamaliza kazi yake. Aende naye, asimame upande unakotoka upepo, amwonyeshe.

7. Kwa nini mimi nilipimwa kwa darubini na mwenzangu kwa mashine?

Darubini ni njia ya tangu enzi za Koch. Ni rahisi, lakini huwaona bakteria pale tu wanapokuwa wengi kwenye makohozi, kwa hiyo huwakosa wagonjwa wengi wa mwanzo, watoto na wanaoishi na VVU. Mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mwezi Desemba 2010, hutafuta vinasaba vya bakteria, hutoa jibu kwa takriban saa mbili, na katika kipimo hichohicho huonyesha kama bakteria ni sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za TB. Kipimo cha aina hiyo ndicho kinachopaswa kutumika kwanza. Pale ambapo mashine haipo, sampuli husafirishwa kwenda kituo kilicho nayo, na mara nyingi kinachochelewesha majibu ni pikipiki ya kubeba sampuli. Darubini bado ina kazi yake ya kufuatilia maendeleo ya matibabu, kwa sababu mashine inaweza kuona mabaki ya bakteria waliokwisha kufa.

8. Je, ni kweli kwamba panya wanapima TB Morogoro?

Ni kweli. Shirika la APOPO, lenye makao yake katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hufundisha panya buku kunusa makohozi, kama linavyowafundisha wengine kunusa mabomu ya ardhini. Tangu mwaka 2007 limekuwa likipokea sampuli kutoka kliniki ambazo tayari zimezipima. Sampuli hupangwa kwenye mstari wa matundu, panya hupita akinusa, na kwenye sampuli yenye harufu ya kifua kikuu husimama kwa sekunde chache na kukwaruza. Panya mmoja humaliza sampuli 100 kwa takriban dakika 20, kazi ambayo ingemchukua mtaalamu wa darubini siku kadhaa.

Panya hatoi jibu la mwisho. Sampuli anayoitilia shaka hupimwa upya maabara kwa njia zinazokubalika, na ikithibitika, mgonjwa ambaye alikwisha kuambiwa hana TB hutafutwa hadi nyumbani kwake.

9. Mtoto wangu hawezi kutoa makohozi. Atapimwaje?

Watoto wadogo huyameza makohozi yao. Kwa hiyo daktari huangalia mambo kadhaa kwa pamoja: je, yupo mtu mzima mwenye TB ndani ya nyumba, mtoto ameacha kuongezeka uzito kwenye kadi ya kliniki, anakohoa au ana homa isiyoisha, eksirei inaonyesha nini. Sampuli inaweza kuchukuliwa tumboni kwa mpira mwembamba unaopitishwa puani, na siku hizi hata kinyesi cha mtoto kinaweza kupimwa kwa mashine ya GeneXpert, jambo ambalo limewaondolea watoto na wazazi maumivu mengi.

Kipimo kisipoona kitu, daktari bado anaweza kuanza matibabu kwa kuzingatia dalili, na ni sahihi kufanya hivyo, kwani kwa mtoto mdogo ugonjwa unaweza kukimbilia ubongoni kwa wiki chache. Dawa za watoto zenye ladha ya matunda, zinazoyeyuka kwenye maji, zilianza kutolewa nchini Kenya mwaka 2016, nchi ya kwanza kufanya hivyo, kisha zikaenea kwingine. Kabla ya hapo wazazi walikuwa wakivunja na kusaga vidonge vya watu wazima kwa kukadiria.

## Matibabu

10. Kwa nini dawa zinamezwa kwa miezi sita? Malaria inakwisha kwa siku tatu.

Kwa sababu bakteria hawa huzaliana polepole mno, na baadhi yao hujilaza na kuacha kuzaliana kabisa, hali inayowaficha dawa isiwafikie. Kwa kawaida mgonjwa humeza dawa nne, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kwa miezi miwili, zikiwa zimeunganishwa katika kidonge kimoja; kisha rifampisini na isoniazidi kwa miezi minne. Miezi miwili ya kwanza huua kundi kubwa. Miezi minne inayofuata huwasaka waliojificha. Watoto wengi wenye ugonjwa usio mkali sasa wanaweza kutibiwa kwa miezi minne tu.

Ni vyema Mtanzania akajua kuwa miezi sita ni ufupisho, na kwamba sehemu kubwa ya ufupisho huo ilithibitishwa kwetu. Miaka ya 1960 wagonjwa wa Afrika Mashariki walitibiwa kwa mwaka mmoja au mwaka na nusu, na wengi walikatia njiani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, wakishirikiana na hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, walionyesha kuwa ukiongeza rifampisini au pirazinamidi, miezi sita inatosha na wanaorudiwa na ugonjwa ni wachache.

Ilibaki kujua kama jambo hilo linawezekana nje ya utafiti, katika wilaya zenye zahanati moja na barabara mbovu. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulioanzishwa mwaka 1977 ndio uliotoa jibu. Daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia ambaye mwenyewe aliugua kifua kikuu akiwa mfungwa katika kambi ya Wanazi ya Mauthausen, alijenga pamoja na wataalamu wa Tanzania utaratibu wenye mambo machache yasiyopungua: darubini katika kila wilaya, dawa zisizokatika, mhudumu anayemwona mgonjwa akimeza, na daftari la wilaya linaloonyesha kila mgonjwa aliyeanza dawa ameishia wapi. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kifua kikuu kuwa dharura ya dunia, mfano lililoupeleka katika nchi nyingine ulitokana kwa sehemu kubwa na kazi hiyo. Daftari lile bado lipo, siku hizi mara nyingi ndani ya kompyuta, na bado linauliza swali lilelile.

11. Nimepata nafuu baada ya mwezi mmoja. Naweza kuacha?

Usiache. Nafuu ya mwezi wa kwanza ni ushindi dhidi ya bakteria dhaifu; waliobaki ni wale wagumu. Ukiacha hapo, ugonjwa unaweza kurudi, na unaporudi unaweza kuwa sugu (swali la 13). Ukisahau siku moja, meza mara unapokumbuka na uendelee, kisha mweleze mhudumu bila kuogopa. Aliyekwisha kuacha asome swali la 24.

Kumeza dawa mbele ya mtu si kwa sababu mgonjwa haaminiki. Miezi sita ni mirefu kwa binadamu yeyote. Msaidizi wa matibabu anaweza kuwa mke, mume, jirani au mtoto mkubwa, mtu ambaye mgonjwa amemchagua mwenyewe na anayeweka alama kwenye kadi kila asubuhi.

12. Mkojo wangu umekuwa mwekundu. Je, ni damu?

Ni rangi ya rifampisini. Mkojo, jasho na hata machozi huwa na rangi ya chungwa, na haidhuru. Mhudumu anapaswa kukwambia kabla ya kidonge cha kwanza, maana wapo walioacha dawa siku ya pili kwa hofu hiyo tu.

Yanayotaka kurudi kituoni siku hiyohiyo ni macho kuwa ya njano, kutapika kusikoisha, vipele vya mwili mzima, na kupungua kwa uwezo wa kuona au kutofautisha rangi nyekundu na kijani. Ganzi na kuchomachoma miguuni hutokana na isoniazidi na hutibiwa kwa vitamini B6. Pombe iachwe kabisa kipindi chote cha dawa, kwa ajili ya ini.

13. TB sugu inatibika?

Ndiyo. TB sugu ni ile ambayo bakteria wake hawafi kwa rifampisini, na mara nyingi kwa isoniazidi pia. Mtu anaweza kuipata kwa kukatiza dawa, lakini anaweza pia kuambukizwa ikiwa sugu moja kwa moja, kwa hiyo si haki kumtazama kila mgonjwa wa TB sugu kama mzembe.

Nchini, matibabu yake yalianza mwaka 2009 katika Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, mkoani Kilimanjaro, ambayo ilianza mwaka 1926 kama mahali pa kuwatunza wagonjwa wa kifua kikuu wakati ambapo hapakuwa na dawa, bali hewa safi ya mlimani, chakula na mapumziko. Wagonjwa wa kwanza wa TB sugu walikaa huko mbali na watu wao, wakachomwa sindano kila siku kwa miezi mingi, na baadhi walipona mapafu lakini wakapoteza kusikia. Baadaye huduma ilisogezwa mikoani. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mchanganyiko wa bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini kwa miezi sita, vidonge vitupu bila sindano, kwa wagonjwa wengi wenye umri wa miaka 14 na kuendelea. Kwa waliowauguza watu wa enzi ya sindano, badiliko hili ni kubwa mno.

14. Matibabu yanagharimu kiasi gani? Na je, nitalazwa?

Vipimo vya TB na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya umma. Ukidaiwa pesa ya dawa za TB, mweleze Mratibu wa Kifua Kikuu na Ukoma wa wilaya yako.

Hata hivyo, dawa kuwa bure hakuondoi nauli, siku za kibarua zilizopotea na chakula cha ziada. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu ya kaya zenye mgonjwa wa TB duniani hutumia zaidi ya asilimia 20 ya mapato ya mwaka kwa sababu ya ugonjwa huo. Mpango wa kutokomeza TB usiohesabu nauli ya mama anayetoka kijiji cha mbali una pengo.

Wagonjwa wengi hutibiwa wakiwa nyumbani. Utafiti uliofanyika Madras, India, kuanzia mwaka 1956, ulionyesha kuwa ndugu wa wagonjwa waliotibiwa nyumbani hawakuugua zaidi ya ndugu wa waliolazwa, kwa kuwa walikuwa wameambukizwa kabla dawa hazijaanza. Kulazwa ni kwa waliozidiwa.

## Kinga

15. Mimi siumwi. Kwa nini napewa dawa za kinga?

Kwa sababu unaishi na VVU, au umelala nyumba moja na mgonjwa wa mapafu, na katika hali hizo bakteria waliolala wana uwezekano mkubwa wa kuamka. Kwanza utapimwa kuhakikisha huna ugonjwa wenyewe, kwani dawa ya kinga peke yake ikimpata mgonjwa hutengeneza usugu. Isoniazidi ya kila siku kwa miezi sita ndiyo iliyozoeleka. Ipo pia njia ya kumeza isoniazidi na rifapentini mara moja kwa wiki, mara 12 tu.

Hii ndiyo huduma inayopuuzwa kuliko zote. Mgonjwa anaandikishwa, anapewa dawa, anaondoka, na hakuna anayemuuliza: "Nyumbani mko wangapi, na watoto wa chini ya miaka mitano ni wangapi?"

16. Nina kovu la chanjo mkononi. Kwa nini nimeugua?

Chanjo ya BCG, iliyotolewa kwa mtoto kwa mara ya kwanza mjini Paris mwaka 1921, huwakinga watoto dhidi ya TB ya ubongo na ile inayosambaa mwilini. Hiyo ni sababu tosha ya kila mtoto kuchanjwa anapozaliwa. Kwa mtu mzima, kinga yake dhidi ya TB ya mapafu ni hafifu.

Chanjo mpya iitwayo M72/AS01E ilipunguza ugonjwa kwa karibu nusu kwa watu wazima waliokwisha kuambukizwa, katika utafiti wa Kenya, Afrika Kusini na Zambia, na utafiti mkubwa wa hatua ya mwisho ulianza mwaka 2024. Hadi majibu yatoke, haitumiki vituoni.

## Juhudi za kutokomeza

17. Kudhibiti, kukomesha na kutokomeza vina tofauti gani?

Katika mazungumzo huchanganywa, lakini katika mipango ya dunia kila kimoja kina kipimo chake. Kudhibiti ni kupunguza wagonjwa na vifo hadi kiwango ambacho huduma zinakimudu. Kukomesha, kwa mujibu wa mkakati uliopitishwa na Mkutano wa Afya Duniani mwaka 2014, ni kupunguza wagonjwa wapya kwa asilimia 90 na vifo kwa asilimia 95 ifikapo 2035, ukilinganisha na 2015. Kutokomeza ni kubaki na chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu milioni moja kwa mwaka.

18. Tanzania imefika wapi?

Ilikuwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu, pamoja na Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wakati huohuo, Tanzania na Kenya ni kati ya nchi chache za orodha hiyo zilizofikia lengo la 2020 la kupunguza kiwango cha wagonjwa wapya kwa asilimia 20 tangu 2015. Matumizi mapana ya dawa za kufubaza VVU yana mchango mkubwa katika hilo.

Lengo linalofuata ni gumu zaidi, na fedha zinapungua. Mwaka 2023 fedha zilizopatikana duniani kwa kinga na tiba ya TB zilikuwa dola bilioni 5.7, wakati lengo la mwaka ni bilioni 22 ifikapo 2027, na Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje. Kwa maoni yangu dawa za TB na vifaa vya kupimia vinapaswa kuwa katika bajeti ya ndani kama mishahara ilivyo, kwa kuwa ugonjwa huu hausubiri mwaka wa fedha wa mtu mwingine.

19. Mbona mnakuja kutupima sisi tusioumwa?

Kwa sababu wengi wenye TB hawajijui. Uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa 2015 na 2016 ulikuta wagonjwa 558 kwa kila watu wazima 100,000, na karibu nusu yao wasingepatikana kwa kuulizwa tu kuhusu kikohozi cha wiki mbili. Eksirei ndiyo iliyowafichua. Anayekaa kituoni akisubiri wanaokohoa huwapata waliokwisha kuambukiza wengine.

Chukua machimbo ya tanzanite ya Mirerani. Wanaapolo, yaani wachimbaji wadogo wa huko, hushuka kwenye mashimo marefu, membamba, hutoboa mwamba na kupumua vumbi lenye silika, ambalo hukwaruza mapafu na kuyaacha wazi kwa TB. Hutoka wakiwa weupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi kope. Mwanaapolo hana mshahara wa siku za kuugua, na akienda kliniki saa za kazi anapoteza nafasi yake shimoni. Mtu huyu huwezi kumsubiri zahanati. Unapeleka gari lenye eksirei na mashine ya kupima karibu na lango, na unaanza kabla hawajashuka. Hali inafanana na hiyo magerezani na katika kambi za wavuvi wa Ziwa Viktoria.

20. Chakula kina uhusiano gani na haya yote?

Mkubwa. Katika jimbo la Jharkhand nchini India, watafiti walizipa kaya za wagonjwa mgao wa chakula cha kila mwezi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kuwa wanakaya waliougua TB walipungua kwa asilimia 39. Hakuna kitu cha kigeni katika mgao huo: nafaka, kunde, maziwa ya unga, mafuta. Kwetu ungekuwa unga, maharage, dagaa na mafuta ya alizeti.

## Hali za pekee

21. Nina ujauzito, au nanyonyesha, au natumia uzazi wa mpango.

Dawa nne za kawaida ni salama kwa mjamzito, na hatari kubwa ni kuacha TB bila tiba. Sindano ya streptomaisini ndiyo isiyotumika, maana huharibu usikivu wa mtoto aliye tumboni. Endelea kunyonyesha, mtoto achunguzwe na apewe dawa ya kinga ikibidi. Rifampisini hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti, hivyo omba njia nyingine kwa kipindi cha matibabu.

22. Nina uvimbe shingoni na sikohoi. Inawezekana ni TB?

Inawezekana. TB hushika tezi, uti wa mgongo, utando wa ubongo, tumbo, figo na utando unaozunguka moyo. Kwa kawaida isiyo ya mapafu haiambukizi wengine. Ile ya ubongo na ya mifupa hutibiwa kwa muda mrefu zaidi ya miezi sita.

23. Nasafiri kwenda kufanya kazi nje, na eksirei imeonyesha kovu la TB ya zamani.

Kovu si ugonjwa. Nchi za Ghuba, zikiwamo Oman na Saudi Arabia, hudai eksirei ya kifua kwa wafanyakazi wanaotoka kwetu, na Uingereza hudai uchunguzi wa TB kwa viza ya zaidi ya miezi sita. Kovu likionekana, makohozi huweza kuoteshwa maabara, kazi inayochukua wiki kadhaa, kwa hiyo anza maombi mapema. Tunza kadi na barua ya kumaliza matibabu hata baada ya miaka kumi. Baadhi ya waajiri hukataa hata mtu aliyepona, jambo lisilo na msingi wa kitabibu.

Anayehama katikati ya dawa, ndani ya nchi au kuvuka mpaka kama wa Namanga au Holili, achukue fomu ya uhamisho na dawa za kutosha safari, na apige simu kliniki aliyotoka baada ya kupokelewa.

24. Niliacha dawa miezi mitatu iliyopita na naona aibu kurudi. Nitapokelewaje?

Utapokelewa. Nenda asubuhi, ukiweza kabla ya kunywa chai, pamoja na kadi yako ya zamani. Kama imepotea, jina lako liko kwenye daftari la wilaya. Utapewa kikopo, na makohozi yatapimwa kwa mashine ili kujua kama bakteria bado wanasikia dawa. Wakisikia, utaanza tena. Ikiwa wamekuwa sugu, utapelekwa kwenye matibabu yaliyoelezwa katika swali la 13.

Mhudumu atakuuliza kwa nini uliacha. Sema ukweli: nauli, njaa, kichefuchefu, pombe, mume asiyejua, mwajiri aliyekukatalia ruhusa. Karibu kila sababu kati ya hizo ina jambo linaloweza kufanywa, kama dawa kuhamishiwa zahanati ya jirani, mhudumu wa jamii kukuletea nyumbani, au muda wa kumeza kubadilishwa. Na waje nawe wale mnaolala chumba kimoja, hata wasiokohoa, wapimwe siku hiyohiyo.